“Mwalimu, mbona mimi simo?”

BARUA

Mshauri, salaam.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya kijijini, Kanda ya Ziwa. Nina watoto 74 na vitabu vya hadithi 11. Vinane vililetwa kwenye maboksi ya msaada kutoka nje, ni vya theluji na mbweha na watoto wenye nywele za dhahabu. Vitatu ni vya Kiswahili na vimeshonwa upya mara nyingi mpaka kurasa zimepungua.

Mwaka huu niliamua kutengeneza kitabu changu mwenyewe. Nilichukua manila, nikachora watoto wakienda kisimani, wakapita sokoni, wakarudi nyumbani. Niliwachora kwa kahawia, kwa sababu watoto wetu ni wa rangi hiyo. Siku niliyowasomea walifurahi sana, wakawa wanajitafuta: “Huyu mimi! Huyu Neema!” Mtoto mmoja, ambaye nitamwita Baraka ingawa si jina lake, alikuja mpaka mbele, akasogeza uso karibu kabisa na karatasi, akaangalia ukurasa hadi ukurasa. Kisha akauliza: “Mwalimu, mbona mimi simo?”

Baraka ana miaka sita na ana ualbino. Kijijini kwetu ni yeye peke yake. Analelewa na bibi yake. Mama yake anafanya kazi Mwanza.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaandika hadithi ambayo yeye ndiye shujaa. Mtoto mwenye ualbino anatengwa na wenzake, watu wabaya wanamfuata, anawatoroka. Baadaye anamwokoa mtoto mwingine anayezama mtoni, na kijiji kizima kinampokea kwa ngoma. Nilichora kwa kalamu za rangi, nikaenda steshenari kutoa fotokopi moja ya kujaribu. Mshauri, yule mtoto alitoka mweupe kama karatasi yenyewe. Uso haupo, mikono haipo, kaptula tu inatembea. Nilifanya kosa la kuiacha mezani. Watoto wakaiona, wakacheka, mmoja akasema, “Mzimu huyo.” Baraka alikuwepo.

Sasa mambo yamekuwa makubwa kuliko nilivyotaka. Mdau mmoja amesikia habari za kitabu na yuko tayari kulipia nakala 60. Ila anataka ukurasa wa mwisho uwe na picha ya Baraka, jina lake na jina la shule, “ili watu waone ni jambo la kweli.” Mwalimu mkuu anasema tumwondoe Baraka kabisa, tusije tukaitafutia shule matatizo. Mwalimu mwenzangu anasema tukimwondoa tutakuwa tumemfuta mara ya pili. Nilipomwendea bibi yake, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Mwalimu, mjukuu wangu akijulikana hapa kijijini inatosha. Unataka ajulikane na wangapi?” Akanikumbusha yule mtoto wa Muleba, mwaka 2024. Sikuwa na jibu.

Nimpe Baraka kitabu chake, au nimwache salama? Naona kama siwezi kufanya yote mawili.

Mwalimu wa Awali


JIBU

Mwalimu, pole kwa usiku ule, na hongera kwa kazi. Kuchora kitabu kizima kwa mkono kwa ajili ya watoto 74 si jambo dogo.

Nianze kwa kurudia nilivyokuelewa, unisahihishe kama nimekosea. Mtoto amekuuliza swali fupi nawe umelijibu kwa hadithi ndefu. Hadithi ikaharibiwa na mashine ya fotokopi, kisha ikachukuliwa na mdau, ikamwogopesha mkuu wako, ikamuumiza bibi. Unaona mbele yako njia mbili tu: umwonyeshe Baraka, au umfiche. Ningependa tuziangalie upya njia hizo, kwa sababu nadhani ndani yake kuna mambo matatu au manne yaliyofungwa kwenye fundo moja.

Kwanza, swali lenyewe. Wenzake walipopaza sauti “Huyu mimi!” walikuwa wamejiona kwenye watoto wanaochota maji na kupita sokoni. Hakuna aliyeokoa mtu. Baraka naye aliuliza mbona hayumo humo, kwenye ukurasa wa kisima. Je, aliomba kuwa shujaa, au aliomba kubeba ndoo pamoja na wengine? Sijui, na huenda hata wewe hujui, lakini yeye anajua. Mpe karatasi na kalamu, mwambie achore mahali ambapo angependa awepo. Akijichora sokoni akila muwa, hapo utakuwa umepata jibu lake.

Nakuomba pia uisome tena hadithi yako kama mtoto wa miaka sita mwenye ualbino. Kurasa za mwanzo zinamwambia kwamba anatengwa. Za katikati zinamwambia kwamba kuna watu wanamwinda. Za mwisho zinamwambia kwamba atapendwa akishamwokoa mtu mtoni. Najua uliiandika kwa upendo. Lakini Neema kwenye kitabu cha kwanza hakutakiwa kuokoa mtu ili apokelewe kijijini. Alizaliwa akiwa wa hapo. Habari za hatari Baraka anahitaji kuzijua, naye huzijua kwa sauti ya bibi yake, kwa kiasi ambacho bibi anaona kinamfaa, mlango ukiwa umefungwa na taa ikiwaka. Kuzisikia mbele ya wenzake 73 ni jambo jingine.

Sasa bibi. Katika barua yako yeye anaonekana kama kizuizi, lakini mimi naona ni mtu anayejua hesabu ya jambo hili kuliko sisi wote. Anakumbuka miaka ya 2007 na 2008, mauaji yalipoitikisa Kanda ya Ziwa. Muleba, mkoani Kagera, mtoto ambaye hakuwa amefikisha hata miaka mitatu alichukuliwa nyumbani na kuuawa, na hiyo ni mwaka 2024 tu. Bibi hakukuambia kwamba watoto wenye ualbino wasichorwe vitabuni. Alikuuliza ajulikane na wangapi. Baraka kujulikana ni jambo moja, na mtoto mwenye ualbino kuonekana kwenye kitabu ni jambo jingine. Mdau ameyachanganya, na mkuu wako, kwa hofu yake ya haki, ameyachanganya pia.

Kinachomtambulisha mtoto mmoja kwa mtu wa mbali ni picha ya kamera, jina, jina la shule au kata, beji ya sare, na alama za mahali kama mnara, jiwe kubwa au kivuko. Kinachowafundisha watoto kwamba kijiji kina watu wa rangi na miili tofauti ni mchoro, tena mchoro wa mtoto asiye na anuani. Vitu hivi viwili vinaweza kutenganishwa kwa mkasi. Mdau anaweza kuambiwa kwa heshima kwamba picha ya mwisho itakuwa ya vitabu vyenyewe, au ya mikono ya watoto ikifungua kurasa, na kwamba jalada halitakuwa na jina la shule. Akiuliza kwa nini, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha ya mtoto, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Huna haja ya kugombana naye. Wadau wengi hawajawahi kufikiria kwamba picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp haiwezi kurudishwa. Akishikilia kwamba bila sura ya Baraka hatoi fedha, hapo wewe na mkuu wako mtakuwa na uamuzi wa kufanya, na nakala 60 si kitu cha kudharau kwenye darasa la vitabu 11. Ila angalau mtajua mnauza nini.

Hata mchoro una hatari zake, nisikufiche. Kijiji chenye mtoto mmoja mwenye ualbino kitasema mchoro wowote ni yeye, na kesho yake wataanza kumwita kwa jina la mhusika. Njia moja ya kupunguza hilo ni kutomchora peke yake. Weka wawili: msichana kwenye ukurasa wa kisima, na mtu mzima kwenye ukurasa wa soko. Mtu mzima ndiye anayekosekana zaidi. Mtoto mwenye ualbino kwenye hadithi zetu huwa mtoto siku zote, hakui. Lakini mwaka 2010 wapigakura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao, na mwishoni mwa mwaka 2015 Dkt. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino pia, aliteuliwa kuwa naibu waziri. Kwenye kitabu cha awali huhitaji mbunge. Mwalimu anatosha, au mama muuza vitenge aliyekaa kivulini. Epuka tu kumfanya dereva wa bodaboda, kwa sababu ya macho, ambayo nitayafikia sasa hivi.

Kuna kitu kwenye barua yako ambacho umekipita haraka, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote. Uliandika kwamba Baraka alikuja mbele na kusogeza uso karibu kabisa na karatasi. Ualbino hauishii kwenye ngozi. Karibu kila mwenye nao ana uoni hafifu. Macho huchezacheza bila yeye kutaka, mwanga mkali humuumiza, na miwani husaidia kidogo lakini haimalizi tatizo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mwaka mzima, unaposoma ukiwa umesimama mbele, Baraka amekuwa akisikiliza sauti yako na kutazama ukungu wa rangi.

Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, mtafiti wa vitabu vya watoto wa Marekani, aliandika kwamba kitabu ni dirisha, na kwamba mwanga ukikaa vizuri dirisha hilohilo hugeuka kioo ambamo mtoto hujiona. Watu wengi hulitaja wazo lake wakihesabu sura zilizomo kwenye vitabu. Kwa Baraka neno la kushika ni mwanga. Unaweza kuchora kioo kizuri kuliko vyote nchini na yeye asikione.

Kwa hiyo, kabla hujaamua lolote kuhusu bibi na mdau, kuna mambo ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu. Unaposoma, usisimame mbele ya dirisha. Mwanga unaotoka nyuma ya kitabu humpofusha. Geuza darasa ili dirisha liwe nyuma ya watoto. Baraka akae mbele katikati, na awe na nakala yake mkononi. Mwache akishike kitabu sentimita 10 au 15 kutoka usoni. Hakimharibu macho, na anayemkataza kwa kudhani hivyo anamnyima kusoma. Kofia pana avae hata darasani kama mwanga ni mkali. Usifanye lamination, hata kama wenzako wanasema kitabu kitadumu, kwa sababu plastiki inang’aa na yeye ataona mng’ao tu. Manila isiyong’aa, ya rangi ya krimu, ni bora kuliko nyeupe.

Maandishi yawe chini ya picha, kamwe yasiwe juu yake. Kwenye kitabu kikubwa cha manila, herufi ziwe na urefu wa sentimita 3 hivi, kwa kalamu nene nyeusi. Kwenye nakala za mkononi usishuke chini ya ukubwa wa 24 kwenye kompyuta, na 28 ni bora. Maneno matano hadi kumi kwa ukurasa yanawatosha watoto wa awali. Utagundua kwamba herufi kubwa zinawasaidia wote 74.

Tuje kwenye yule mtoto aliyepotea kwenye fotokopi. Mashine husoma rangi nyepesi kama nyeupe, na njano hafifu hupotea kwa urahisi. Wewe bila shaka ulimchora kwa njano hafifu na mstari wa penseli. Mchore mstari wa nje kwa kalamu nyeusi ya wino, si penseli. Kisha usimwache mbele ya karatasi tupu. Weka kitu chenye kivuli nyuma yake, kama ukuta wa udongo, migomba au kanga kwenye kamba. Hapo uso mweupe unaonekana kwa sababu umezungukwa na kijivu. Mvalishe nguo nyeusi kidogo, ya mikono mirefu, ambayo ndiyo anayopaswa kuvaa juani hata hivyo. Na wenzake nao waangalie: ukijaza kahawia nzito, fotokopi huwafanya madoa meusi yasiyo na macho. Tumia mistari myembamba iliyopishana kwa ngozi zao, macho na midomo vibaki wazi. Mwambie kijana wa steshenari aweke mashine kwenye “picha”, isiwe kwenye “maandishi”, na atoe ukurasa mmoja kwanza. Uangalie ukiwa juani, kisha ndani. Usidhani kijivu ni umaskini. Muriel na Tom Feelings walitoa mwaka 1971 kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili kiitwacho “Moja Means One”. Michoro yake ni ya mwanga na kivuli, si ya rangi nyingi, na mwaka uliofuata ilitunukiwa heshima ya Caldecott, tuzo ya vitabu vya picha vya watoto huko Marekani.

Ukipata fedha za rangi, makosa huwa mengine. Kosa kubwa ni kumchora mtoto mwenye ualbino kama mzungu, pua nyembamba na nywele zinazoteleza. Baraka ana pua ya bibi yake na midomo ya mama yake. Anzia hapo, tena mchore ukiwa umeweka mbele yako sura za kwenu, si za vitabu vya theluji. Nywele ni fupi, za kipilipili, rangi ya majani makavu. Ngozi: njano kwa mkono mwepesi, juu yake chungwa kidogo, na kahawia kidogo sana chini ya kidevu na masikioni. Macho huwa ya kahawia nyepesi, kijivu au buluu. Wekundu huonekana mwanga au kamera inapoyapiga kwa namna fulani. Ukiyachora mekundu utakuwa umemrudisha yule mzimu. Na wale wengine wasiwe kahawia moja. Mkandamizo wa kalamu peke yake unakupa rangi tatu za ngozi kutoka kwenye penseli ileile.

Nakala za mkononi zitengeneze kwa karatasi za A3: nne zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16 za ukubwa wa A4. Namba za kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishe 17, yaani 16 na 1, 2 na 15, na kuendelea. Ukikosea hapo hadithi itaanza kisimani na kurudi nyumbani kabla ya soko. Nakala 60 ni karatasi 240, pande 480, bila kuhesabu majalada. Steshenari ikiwa haina A3, usikimbilie kukunja A4, maana ukurasa utakuwa nusu na herufi zitakuwa ndogo kwa Baraka. Afadhali utoe A4 upande mmoja, utoboe matundu matatu kushoto na kushona kwa uzi.

Baada ya hayo yote, unaweza kwenda njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kutoa nakala 60 zenye kijiji kilichochanganyika, bila jina wala picha ya mtu; wengi watanufaika, lakini utabaki na kazi ya kusikiliza wanavyolitumia jina la mhusika uwanjani, na kulikemea siku ya kwanza, si ya kumi. Unaweza kutengeneza kitabu kimoja tu cha darasa, chenye watoto wako halisi, kikae kwenye kabati lako na simu zisikipige picha. Ndani yake Baraka anaweza kuwa Baraka, lakini hakitamfikia mtoto mwingine mwenye ualbino katika kata ya jirani. Unaweza kusubiri mwaka mmoja. Kusubiri si woga, ila kumbuka kwamba darasa halisubiri. Wenzake watajifunza habari za ualbino kwa mtu fulani, na neno la kwanza umeshalisikia. Hilo la mzimu, kama hujalizungumza nao, lisisubiri kitabu.

Mkuu wako mshirikishe mapema, tena kwa maandishi, hasa kama mdau anataka vitabu viende shule nyingine. Vitabu vya kusambazwa mashuleni vinapitia tathmini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na afadhali ajue sasa. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania kina matawi mikoani. Waombe mtu mzima mwenye ualbino asome rasimu yako kabla ya yeyote. Ataona vitu ambavyo mimi na wewe hatuwezi kuviona. Mama wa Baraka naye apigiwe simu. Bibi ni mlezi, lakini mama ni mama, hata akiwa Mwanza.

Na rudi kwa bibi. Mara ya kwanza ulikwenda na hadithi iliyokamilika na mdau nyuma yake, naye akabaki na la kusema ndiyo au hapana tu. Safari hii nenda jioni, mwamkie, ukae. Mweleze kwanza habari za macho, kwamba Baraka atakaa mbele na atakuwa na nakala yake ya herufi kubwa, kitabu kiwepo au kisiwepo. Muulize anamwambiaje mjukuu wake kuhusu ngozi yake. Maneno anayotumia yeye yanaweza kuwa bora kuliko tutakayoyatunga. Kisha mwonyeshe kurasa. Zipeleke zikiwa zimekunjwa tu, bila pini wala uzi, ili akiona ukurasa asioutaka aweze kuutoa.

Mshauri